Nilinunua namba 181 mtandaoni, nikaletewa jarida lenye dirisha

Muuzaji aliyeniuzia jarida la vibonzo la The Incredible Hulk namba 181 hufunga mzigo kwa ustadi ambao sijauona kwa muuzaji mwingine yeyote, na jambo hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote nitakayoyaeleza hapa. Jarida lilikuwa ndani ya mfuko wa Mylar, yaani plastiki angavu ya kuhifadhia, nyuma yake pana ubao mwembamba wa karatasi usio na asidi, likabanwa kati ya vipande viwili vya kadibodi ambavyo mistari yake ilipishana ili mzigo usiweze kupindwa upande wowote, na hata utepe wa gundi alikuwa ameukunja ncha ili nisilazimike kupitisha kisu karibu na jalada. Mtu anayefanya hivyo anaijua thamani ya kitu alichokishika. Nilipokuwa bado nafungua nilikuwa nimeshaamua kumpa nyota tano, tena nilikuwa nimeanza kutunga sentensi za kumsifu. Sentensi hizo sizihitaji tena.

Kwa wasiofuatilia mambo haya, namba 181 ilitoka mwaka 1974, na ndiyo yenye shujaa Wolverine ndani ya hadithi kamili kwa mara ya kwanza, baada ya kuchungulia tu katika picha ya mwisho ya namba 180. Mwaka huohuo wachapishaji wake, Marvel, walianza kuchapisha stempu ndogo za wahusika wao kwenye kurasa za barua za wasomaji, wakawahimiza watoto wazikate, wazibandike katika kitabu maalumu na kukamilisha seti ya stempu 100. Watoto walitii. Ndiyo maana nakala zisizo chache za namba 181 zilizosalia zina shimo la mstatili mahali palipokuwa na stempu ya Shanna, mmoja wa wahusika hao, na shimo hilo hushusha bei kwa kiasi ambacho mtu asiyekusanya majarida haya huwa haamini akielezwa. Jalada linaweza kung'aa, pini zikawa safi, hadithi ikawapo yote, na bado jarida likahesabika kuwa pungufu. Ukilipeleka CGC, kampuni inayopima hali ya majarida na kuyapa gredi, halitapewa lebo ya buluu na gredi ambayo jalada lake lingestahili. Litapewa lebo ya kijani inayomtangazia kila mtazamaji kwamba lina kasoro, au litashushwa hadi karibu na mwisho wa ngazi ya gredi. Sina ugomvi na mtoto wa mwaka 1974 aliyeshika mkasi. Alifanya alichoambiwa na mchapishaji, tena kwa jarida lake mwenyewe la senti 25. Ugomvi wangu ni na mtu mzima.

Tangazo la mtu mzima huyo lilikuwa na picha safi za jalada la mbele, jalada la nyuma, mgongo na pini. Katika maelezo aliandika kwamba pini hazina kutu, kwamba mgongo una mikunjo michache isiyovunja rangi, kwamba kurasa za ndani zina rangi ya krimu inayokaribia nyeupe, na kwamba nakala ni kamili. Namwomba msomaji ayatazame upya maelezo hayo. Rangi ya kurasa za ndani haijulikani kwa kutazama jalada. Aliyeandika kwamba kurasa ni za krimu amelifungua jarida na kulipekua kwenye mwanga wa kutosha, na katika kulipekua amekutana na ukurasa wa barua wenye dirisha ambalo ndani yake unasoma maneno ya ukurasa unaofuata. Haiwezekani kupita hapo bila kuona. Aliliona, akalifunga jarida, akaandika neno "kamili".

Najua wako wauzaji wasiojua, na hao nimekuwa nikiwavumilia. Tangu habari zienee kwamba nakala ya Action Comics namba 1, jarida lililomtambulisha Superman, ambayo mwaka 1938 iliuzwa senti 10, ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 3.2 kwenye mnada wa mtandaoni mwaka 2014, kila aliyekuta boksi la majarida ya marehemu babu yake amejiona yu karibu na utajiri, akapiga picha za giza juu ya kitanda na kuandika "adimu sana" chini ya kitu kilichochapishwa kwa mamia ya maelfu. Watu wa namna hiyo hawajui gredi wala lebo, hukunja jarida likaingia kwenye bahasha, na ukiwaeleza kasoro husikitika kwa dhati na kukurudishia fedha. Huyu wangu hayumo katika kundi hilo, na majibu yake yatathibitisha.

Nilimwandikia kwa adabu. Nilimshukuru kwanza kwa ufungaji, kisha nikamweleza kwamba ukurasa wa barua umekatwa stempu, nikamtumia picha, nikamwomba tuelewane ama kwa kulirudisha jarida ama kwa kupunguza bei. Jibu lake lilikuwa hili: "Bwana, umenunua jarida, hukununua stempu. Hadithi yote ipo, isome ufurahi."

Isome ufurahi. Nimeirudia kauli hiyo mara nyingi kuliko nilivyolisoma jarida lenyewe. Kama ningetaka hadithi, ningenunua mojawapo ya matoleo yaliyochapishwa upya, ambayo yana karatasi bora zaidi, rangi zilizosafishwa na bei ambayo haimkoseshi mtu usingizi. Anayelipia nakala ya mwaka 1974 analipia karatasi ileile, wino uleule, matangazo yaleyale ya biashara na ukurasa uleule wa barua za wasomaji ambao sasa ni wazee, vyote vikiwa vimesalimika pamoja. Muuzaji analijua hilo vizuri, kwa sababu bei aliyoiweka ilikuwa ya nakala kamili. Alipotaka fedha, jarida lilikuwa kumbukumbu adimu ya kukusanywa. Alipotakiwa kurudisha fedha, likawa kitu cha kusoma kabla ya kulala.

Nilimjibu hayo, na sitajifanya kwamba adabu yangu ilikuwa bado kamili. Akaniandikia kwamba wateja wa siku hizi tunajifunza maneno mawili matatu kwenye video, kisha tunawasumbua watu walioanza kukusanya kabla hatujazaliwa. Huenda alidhani amenimaliza. Kumbe alikuwa amejifunga mwenyewe, maana mtu aliyeanza kukusanya zamani hizo hahitaji video wala mimi kumweleza kwamba mnunuzi wa majarida ya mwaka 1974 hadi 1976 huanza kwa kuuliza habari za stempu, kabla ya kuuliza habari za pini.

Nikapeleka malalamiko kwenye dawati la jukwaa la mauzo nililonunulia, ambalo sitalitaja kwa jina, na hapo ndipo niliposhangaa zaidi. Fomu yao ya malalamiko inakutaka uchague tatizo moja: mzigo haukufika, mzigo umeharibika njiani, bidhaa ni bandia, au umeletewa bidhaa nyingine. Hakuna nafasi ya kusema kwamba bidhaa ni halisi, imefika salama, ndiyo yenyewe, ila haina kipande ambacho ndicho nusu ya sababu ya bei yake. Nilichagua lililokaribia ukweli na kueleza mengine kwa maandishi. Kwanza alinijibu "Mpendwa mteja" wa mashine, kisha akanijibu mtu, au angalau kitu chenye jina la mtu, akisema kwamba wamelinganisha picha zangu na picha za tangazo na kukuta bidhaa inalingana na picha. Bila shaka inalingana! Picha za tangazo ni za nje na shimo liko ndani. Kwa kanuni hiyo, mtu anaweza kuuza jalada lililojazwa karatasi tupu na akashinda kila lalamiko. Nilipowaonyesha neno "kamili" katika maelezo ya muuzaji, waliniambia kwamba kasoro ndogo ya karatasi isiyoathiri matumizi ya bidhaa haiwezi kuhesabiwa kuwa ni udanganyifu.

Matumizi! Jukwaa hili lina sehemu nzima ya majarida ya kukusanywa, linakuruhusu kuchuja kwa gredi na kwa rangi ya lebo, na linachukua kamisheni katika kila mnada kwa bei zinazotokana na vitu vidogo kama hivyohivyo. Nusu ya pointi kwenye ngazi ya gredi inatosha kuongeza au kufuta fedha nyingi, na wao hawaoni tabu kukata asilimia yao katika nyongeza hiyo. Mteja akidai, ghafla jarida linageuka kuwa sawa na kikaango, ambacho kikikaanga kinatosha. Sikuomba watu wa dawati wawe mabingwa wa majarida ya zamani. Ingetosha wamlazimishe kila muuzaji wa jarida lisilo ndani ya kisanduku cha gredi, yaani lile ambalo halijapimwa na kufungiwa, kuweka picha za kurasa za ndani, na kwa matoleo ya miaka ile ya stempu, picha ya ukurasa wa stempu wenyewe. Kazi hiyo haichukui muda wa maana, na ingezuia ugomvi mwingi.

Nilikusudia kuliwekea jukwaa nyota moja na kuondoka, lakini haki inanilazimisha kusema jambo ambalo litaiharibu hasira yangu kidogo. Katika jukwaa hilohilo, muda si mrefu kabla ya mkasa huu, nilikuwa nataka kulipia jarida jingine nikapokea ujumbe wa muuzaji wake, dada mmoja: "Kaka, ngoja kwanza usilipe." Alikuwa amelipitia upya akagundua kwamba karatasi ya katikati imechomoka kwenye pini moja, jambo ambalo hakuliandika, na hivyo ameshusha bei mwenyewe na kuniachia uamuzi. Sikuwa nimemuuliza. Mzigo wake ulifika umezungushiwa magazeti ya zamani, na pembe moja ya chini ilikuwa imepondeka njiani, na pamoja na hayo ningenunua kwake tena hata leo. Pasipo jukwaa hili nisingekutana naye, na yapo matoleo niliyoyatafuta kwa miaka ambayo niliyapata humo humo. Kwa sababu hiyo nilipandisha nyota zikawa tatu.

Kisha nikatembelea ukurasa wa muuzaji wa namba 181 na kukuta bado amevaa ile alama ya kijani ya "muuzaji anayeaminika", sawasawa na yule dada wa karatasi iliyochomoka kwenye pini. Jukwaa haliwatofautishi. Tena maoni niliyoyaandika chini ya jina lake yalikuwa yameondolewa kwa sababu ya lugha ya shutuma, ilhali nilikuwa nimeandika kwamba jarida halina stempu na kwamba nimeambatanisha picha. Kama sentensi hiyo ni shutuma, basi shutuma hiyo ni ya jarida lenyewe. Nyota zimerudi kuwa moja.

Hatimaye niliamua kuliuza. Niliweka picha ya shimo iwe ya kwanza kabisa, kabla ya jalada, na neno "halina stempu" likawa la kwanza kwenye kichwa cha tangazo. Ujumbe ulianza kuja upesi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa wapo wakusanyaji wanaotafuta nakala pungufu kwa makusudi, wakitaka kuwa na jalada lile bila kulipa bei ya nakala kamili, na hao ni watu wa kweli wasio na longolongo. Wapo pia walioniuliza kwa nini nisinunue jarida la bei ndogo lenye stempu ileile, maana stempu hizo zilichapishwa katika zaidi ya jarida moja, nikaikata na kuibandika pale. Niliwajibu kwamba kipande kilichotoka katika jarida jingine kitagunduliwa na mpimaji yeyote makini, na hata kisipogunduliwa, nitakuwa nimewaharibia majarida watu wawili badala ya mmoja.

Miongoni mwa waliojitokeza kununua alikuwamo yeye. Jina lilelile, alama ileile ya kijani, na bila shaka hakuangalia tangazo ni la nani. Alitaja bei iliyo chini ya nusu ya ile niliyomlipa, akaongeza: "Bei ya isiyo na stempu haizidi hapo, bwana, na wewe unajua."

Nimeupiga picha ujumbe huo nikautuma kwenye dawati la malalamiko, pamoja na lile jibu lake la kwanza la kuniambia nisome nifurahi, vikiwa vimewekwa sambamba ili yeyote atakayevisoma asihitaji maelezo yangu. Jarida nimemuuzia mkusanyaji mwingine, aliyelitaka jinsi lilivyo, na nimelifunga kwa kadibodi zilezile zilizopishana mistari, kwa sababu ufungaji ule haukuwa na kosa lolote. Lalamiko langu, kila nikilifungua, bado linaonyesha kwamba limeshatatuliwa.