Jiko la peleti nyumbani Arusha: nini kibadilishwe kwanza

Kabla ya kupima ukubwa wa wavu, geuza jiko usome kibandiko cha umeme kilicho nyuma yake. Aina hii ya jiko, linalochoma nyama kwa moto na moshi wa peleti za mbao, ilianzia Marekani, kwa Joe Traeger wa Oregon, miaka ya 1980, na yale yaliyotengenezwa kwa soko la huko yanataka volti 120 na hezi 60. Ukutani kwako, iwe Njiro ya Arusha au Rau ya mjini Moshi, kuna volti 230 na hezi 50. Ukilichomeka hivyo hivyo, kidhibiti joto kinaweza kuungua papo hapo.

Transfoma ya kushusha umeme ya wati 1,000 inamaliza shida ya volti. Ya hezi inabaki palepale. Kama parafujo (ile skrubu ndefu inayosukuma peleti kutoka kwenye sanduku hadi kwenye kikombe cha moto) inazungushwa na injini ya AC (umeme wa mkondo geu, kama wa ukutani), mwendo wake unapungua kwa karibu moja ya sita. Peleti zinaingia chache na joto halifiki lilipoagizwa. Kwenye majiko yenye namba za P, shusha namba moja. P ndogo inafupisha muda ambao parafujo inapumzika. Majiko mapya yenye injini ya DC (mkondo mnyoofu, kama wa betri) hayasumbuki na hezi, ila kiwashio chake bado kinaweza kuwa cha volti 120, hivyo kibandiko kisomwe hata hapo. Kama unaweza kuchagua, chukua la volti 230 tangu dukani, hata likiwa dogo. Ni chaguo bora kuliko jiko kubwa linaloishi kwa transfoma.

Ukishamaliza hapo, pesa ya kwanza ya kuboresha jiko iende kwenye UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshika mzigo umeme unapokatika. Hapa hatubembelezi mtu. Moto ukiwa unawaka kisha umeme ukakatika, feni inasimama, lakini peleti zilizomo kwenye kikombe zinaendelea kuungua taratibu na joto linarudi nyuma kupitia parafujo. Dalili yake ni moshi unaotoka kwenye sanduku la peleti. Ukiachwa, moto unaweza kupanda hadi kwenye akiba yote. Kiwashio kinakula wati 200 hadi 300 kwa dakika chache za mwanzo tu. Baada ya hapo feni na injini huwa hazizidi wati 50 hivi. UPS ya VA 1,000 inabeba mzigo huo kwa muda wa kutosha kulizima jiko kwa utaratibu wake, yaani feni izunguke kama dakika 10 mpaka kikombe kibaki na jivu tupu.

Na umeme ukirudi, usikimbilie kitufe. Chomoa jiko, acha lipoe, toa wavu na bamba la mafuta, kisha safisha kikombe cha moto. Ukiwasha bila kufanya hivyo, peleti mpya zinarundikana juu ya zile ambazo hazijaungua, moshi mzito wa njano unajaa ndani, halafu unashika moto kwa mkupuo na mfuniko unarushwa juu. Hilo ndilo kosa linalounguza nyusi za watu. Usimwage spiriti wala mafuta ya taa kulisaidia, hata kidogo.

Peleti zenyewe ni mbao iliyosagwa na kushindiliwa, unene milimita 6, na adui yake ni unyevu. Nzuri inang'aa na ukiivunja inalia. Iliyovuta unyevu inapinda na kumong'onyoka vidoleni. Masika ya Machi hadi Mei usiache peleti kwenye sanduku la jiko usiku kucha. Zimwage kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Mfuko wa kilo 9 unaingia wote na nafasi inabaki. Unga wa chini ya mfuko upepete kwa ungo kabla ya kujaza. Unga huo ukikutana na unyevu ndani ya bomba la parafujo unakauka kama saruji, injini inanguruma bila kuzunguka, na pini ya usalama inakatika. Dawa yake ni kufungua injini kwa nyuma, kuchomoa parafujo na kugonga kwa fimbo ya mti. Maji yasikaribie. Usitumie pia peleti za majiko ya kupashia nyumba joto, kwa sababu zinaweza kuwa na mbao laini yenye utomvu au mabaki ya mbao yenye gundi.

Hesabu ya matumizi: kwa nyuzi 110 za Selsiasi, karibu nusu kilo hadi kilo moja kwa saa. Usiku wa Juni na Julai jiko la bati jembamba linakula zaidi. Kabla ya kununua blanketi lake la kuzuia joto lisipotee, ziba kwanza mfuniko. Kamba ya fiberglasi na silikoni nyekundu ya gasketi za injini, ile inayovumilia nyuzi 300, vinapatikana kwenye maduka ya spea. Futa mafuta kwa spiriti jiko likiwa baridi, bandika, acha saa 24, kisha uliwashe tupu kwa saa moja. Moshi ukiacha kuvuja pembeni, joto nalo linatulia.

Baada ya UPS na kuziba mfuniko, kidhibiti joto cha PID ndicho cha tatu. Cha zamani kinalisha peleti kwa kuhesabu sekunde, na joto linapanda na kushuka nyuzi 15 au zaidi. PID inasoma na kurekebisha wakati wote. Lakini usikinunue kabla hujasugua kile kijiti cha kipima joto kilicho ndani ya jiko. Kikivaa masizi kinasoma kwa kuchelewa, na lawama inakiangukia kidhibiti kisicho na kosa.

Ukitaka moshi zaidi, maana jiko hili lina moshi mwepesi, fundi wa kuchomelea pale Unga Limited anaweza kukutengenezea bomba lenye matundu, urefu sentimita 30, la stenlesi. Lijaze peleti, liwashe upande mmoja, lilaze kwenye wavu. Akikupendekezea mabati, kataa kabisa, kwa kuwa zinki ikipata moto inatoa moshi wa sumu. Vifaa vya kubabua nyama kwa moto mkali, vinavyouzwa kama nyongeza, havina haja kwetu. Jiko la mkaa la kawaida likiwekwa kando linafanya kazi hiyo kwa dakika mbili kila upande, na linaifanya vizuri zaidi.

Kwenye nyama, namba za vitabu vya Marekani zinapotosha. Vingi vinasema nyama ngumu iive hadi nyuzi 95 kwa ndani. Arusha mjini, mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji yenyewe yanachemka karibu na 95. Mji wa Moshi, ulio chini zaidi, ni 97 hivi. Ukisubiri namba hiyo nyama inakaa palepale ikikauka. Kwa paja la mbuzi, anza kwa nyuzi 110 mpaka ndani ifike 70, lifunge kwa foili na vijiko vichache vya supu, pandisha jiko hadi 135, kisha kuanzia 88 uwe unalidunga kwa kijiti. Kikipita bila kukwama, toa. Mbuzi wetu hana mafuta mengi, kwa hiyo foili si hiari. Kitimoto cha bega kinasamehe zaidi. Kuku wa kisasa weka nyuzi 190, la sivyo ngozi inakuwa kama mpira. Paja lifike 74. Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza, jiko hili halimlainishi kwa joto kavu.

Kwa anayechoma mishikaki Jumapili tu, jiko hili halifai gharama yake. Linamfaa anayetaka paja zima au mbavu za kuiva kwa muda wa saa tano bila kukaa analishia mkaa, na mwenye nafasi nje, mbali na makuti, kwa sababu ndani ya nyumba hewa yake inaua.

Kila baada ya mifuko miwili ya kilo 9, toa jivu kwenye kikombe likiwa limepoa kabisa, na ubadilishe foili ya bamba la mafuta. Jivu liwekwe kwenye debe la chuma lenye mfuniko kwa siku nzima kabla ya kutupwa, kwani kaa moja iliyofunikwa na jivu inadumu hai kuliko inavyoonekana.