Mtawa wa udongo kwenye meza yangu ya chai, Ujiji

Nina kibanda cha chai hapa Ujiji: chapati na maandazi asubuhi, maharage mchana. Tangu mwezi wa nne, pembeni ya birika amekaa mtawa wa udongo mwenye kitambi, anacheka na kila anayeingia. Nimechoka kueleza, ndiyo maana naandika.

Kisanamu cha namna hii Wachina wanakiita chachong, yaani kama kipenzi cha chai, kitu unachokifuga. Unakiweka kwenye sinia la chai, na kila ukiandaa chai nacho kinapata yake. Nilikifahamu kwa mteja wangu mmoja, fundi Mchina wa reli mpya. Chai yangu ya maziwa hainywi hata umpe bure. Anakuja na majani yake kwenye kopo, ananiambia, "Mama, maji moto tu." Maji ya kwanza hayanywi, anaoshea majani kisha anayamwaga. Kwao yale ya kumwagwa ndiyo riziki ya kisanamu. Akanionyesha picha kwenye simu, nikaingia tamaa.

Niliagiza vitatu kwa wakala anayekusanya mizigo Guangzhou. Shilingi 72,000 mpaka Kariakoo, 6,000 nyingine ya basi mpaka Kigoma, na siku 41 za kusubiri. Tangazo lilisema vyote ni udongo wa Yixing, mji wa mkoa wa Jiangsu ulio magharibi ya ziwa Taihu. Udongo wake wanauita zisha, mchanga wa zambarau, na ndio unaofinyangiwa mabuli ya chai yanayosifika China nzima. Haupakwi kitu cha kung'arisha, unaachwa uchi ili unywe chai.

Sasa, mimi udongo nimezaliwa nao. Mama yangu alifinyanga vyungu Kasulu mpaka mgongo ulipomkatalia. Nikampelekea boksi kabla sijafurahi. Akamtoa yule mwenye kitambi, akamgonga kwa ukucha, akasikiliza. Akamgeuza, akamlamba chini. Ulimi ukanata. "Huyu kachomwa," akasema, "tena kwa moto mkali kuliko wangu." Ni kweli, zisha huchomwa kwenye tanuri kwa nyuzi kama 1,100 hadi 1,200, na sisi tunachomea uwanjani kwa kuni na nyasi, hatufiki huko. Lakini tabia ni ileile ya mtungi wa maji unaotoa jasho: udongo una vitundu visivyoonekana, kinachomwagwa kinaingia.

Wa pili alikuwa Guanyin, yule mwenye huruma wa Wabudha, kasimama na joho la waridi na dhahabu. Mama hakumlamba hata. Alimdondoshea maji, yakateleza kama kwenye jani la gimbi. Nikamkwaruza chini kwa ncha ya kisu, ukatoka unga mweupe. Si udongo, ni plastiki iliyopigwa rangi. Nilimwandikia wakala, akanijibu kwamba picha ilikuwa "ya mfano". Hela haijarudi mpaka leo. Ukinunua, dai video ya mtu akikimwagia maji: kikibadilika rangi pale kilipolowa, ni udongo mtupu. Maji yakikimbia, mwachie mwenyewe.

Wa tatu ni mtawa mtoto aliyelala, mdogo kama nusu ya yai. Sikio lilivunjika njiani, nikaligundisha. Simlalamikii.

Nirudi kwa mcheshi wangu. Nilidhani ni Budha mwenyewe, na nadhani wengi mnadhani hivyo. Fundi alinisahihisha. Budha alikuwa mtu wa pande za India na Nepal. Huyu ni Budai, mtawa wa Kichina wa Fenghua, mkoa wa Zhejiang, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10. Alizurura na mfuko wa kitambaa begani, na jina lake maana yake ndiyo huo mfuko. Watu waliamini yeye ndiye Maitreya, Budha anayesubiriwa. Wangu mfuko anao, umetuna vizuri, na mishono yake inaonekana. Mkono wa mtu umepita pale, si kalibu tu.

Kosa la wiki ya kwanza lilikuwa langu. Nilimnywesha chai ninayouza, ya maziwa, tangawizi na sukari. Siku ya pili sisimizi walimpanda mpaka kwenye tabasamu. Siku ya tatu alinuka mtindi uliokufa. Na sabuni haifai, udongo unainywa nayo. Nikamchemsha maji matupu mara mbili, ndipo akarudi kwenye ubinadamu. Sasa anapata chai ya rangi isiyo na sukari, nikimaliza nampitishia brashi laini. Sinia lao la mbao lenye nafasi ya maji kuchuruzika sina, natumia chujio juu ya bakuli na linatosha.

Miezi mitatu hii kitambi kimeiva. Kimekuwa cheusi-chekundu na kinang'aa polepole, kama mpini wa jembe ulioshikwa miaka. Mgongo bado umefifia kwa sababu nilisahau kumgeuza.

Kulikuwa na nyongeza ya bure: mtoto anayekojoa. Ana uwazi ndani na kitundu kidogo. Unamzamisha kwenye maji ya moto hewa itoke, kisha kwenye ya baridi anyonye. Ukimmwagia ya moto kichwani, hewa iliyobaki inatanuka na kusukuma maji nje. Watoto wa shule wanamsubiri yeye kuliko maandazi. Huyu kwa burudani hana mpinzani, ila nimemhamisha mbali na chapati.

Suala la dini limeulizwa sana. Mama alisema wazi, "Mwanangu, hicho kisanamu kisije kwenye mswala wangu," kwa hiyo kinalala kibandani. Nilimuuliza fundi kama anakiswalia chake, akacheka. Kwake ni mwenzake wa kunywa naye akiwa peke yake kambini. Hata hivyo, anayesita asikate tamaa, wafinyanzi wa Yixing hutengeneza pia maboga na karanga zenye maganda kama za kweli. Karanga tatu ndizo nitakazoagiza safari hii, kwa wakala mwingine, na mama kasema hizo zije nyumbani moja kwa moja, atazilamba kwanza.