Wi-Fi haifiki chumbani? Anza na waya, antena baadaye

Nyumba zetu nyingi ni za bloku, plasta pande zote mbili, na zikiwa za ghorofa kuna zege juu. Ruta uliyofungiwa na kampuni ya intaneti hukaa pale waya wa faiba ulipoingilia, mara nyingi pembeni mwa sebule, halafu chumba cha mwisho mtandao unasuasua. Kupandisha kifurushi hakutabomoa ukuta. Ningenunua kwa mpangilio huu.

Namba moja, na sioni mshindani wake, ni waya wa mtandao (Ethernet) wa aina ya Cat 5e kutoka ruta ya kampuni hadi ruta ya pili ya kawaida, iliyowekwa upande wenye shida. Cat 5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na nani kati yetu ana nyumba ya urefu huo? Dukani uliza waya wa shaba tupu. Zile za bei ya kutupa mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, na hukatika kirahisi zikikunjwa. Fundi aupitishe darini, mbali na nyaya za umeme. Ruta ya pili iweke kwenye hali ya aksesi pointi, yaani isambaze tu mtandao wa ruta ya kwanza. Kama haina hali hiyo, badilisha anwani yake ya IP isigongane na ya ruta ya kwanza, zima DHCP yake (huduma ya kuvigawia vifaa anwani), kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si WAN (la kupokelea intaneti). Zipe zote jina na nywila moja.

Namba mbili ni meshi, yaani vifaa viwili au vitatu vinavyopokezana mtandao hewani. Hii ni ya wapangaji, maana mwenye nyumba akikataa ukuta utobolewe huna la kufanya. Kifaa cha pili usikipeleke kwenye chumba chenye shida, kiweke katikati ya njia, mahali mtandao bado una nguvu. Kwenye nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, zenye kuta nene za mawe na chokaa, hata meshi ya bei ghali itakutesa bila waya.

Tatu, kubadilisha ruta yenyewe. Inasaidia kama ya sasa ni kuukuu au ina 2.4 GHz peke yake, masafa ambayo kwenye maghorofa ya Kariakoo au Eastleigh yamejaa mitandao ya majirani. 5 GHz ina kasi zaidi, ila ukuta huichosha haraka. Chukua ya kizazi cha Wi-Fi 6 yenye ulinzi wa WPA3, na usihadaike na namba za boksi: AC1200 ni megabiti 300 kwa sekunde za bendi (masafa) moja kujumlisha 867 za nyingine, huku simu yako ikitumia bendi moja kwa wakati. Wingi wa antena nao si hoja.

Mkiani ni ripita, kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachopokea Wi-Fi na kuirusha tena. Ya bendi moja hupokea na kurusha kwenye chaneli ileile, hivyo kasi hushuka kama nusu. Kwa WhatsApp ya mlinzi getini inatosha. Kwa mkutano wa video, hapana.

Hela ikibaki, nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya kuiwasha umeme ukikatika. Ruta nyingi hutumia volti 12, lakini zipo za 9 na za 5, kwa hiyo soma kwanza kibandiko cha adapta. Kama kifaa cha faiba kiko peke yake ukutani, tafuta UPS ya kulisha vyote viwili, la sivyo umeme ukikatika ruta itawaka na intaneti haitakuwepo.