Viti vya plastiki au vya seremala kwa kituo cha watoto wadogo: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Mwenye haraka aanzie hapa: viti vya plastiki vya dukani navipa alama 3 kati ya 5. Vya seremala navipa 4, ila oda ya kwanza ningeipa 1, maana yote ilirudi karakana. Kituo kipo Dar es Salaam, watoto 36 wa miaka 2 hadi 5, na aina zote mbili zinatumika kila siku kwa uji, kuchora na chakula cha mchana.

Kilichoharibu oda ya kwanza ni kimo, mbao hazikuwa na tatizo. Seremala wengi huchukua kiti cha mtu mzima wakakipunguza kwa macho, na vyetu vilikuja na kikalio cha sentimita 35. Mtoto wa miaka 3 akikaa hapo miguu inaning'inia, ukingo unambana chini ya paja, na haichukui dakika tano kabla hajaanza kuteleza mbele na kupiga meza mateke. Mlezi anasema mtoto mtundu, kumbe kiti.

Siku hizi oda inakwenda na karatasi ya vipimo. Vikalio vya sentimita 21, 26 na 31, na meza zake 40, 46 na 53. Ndivyo vilivyo kwenye EN 1729, kiwango cha Ulaya cha samani za shule, na watoto wetu vimewakaa bila kubadilisha kitu. Ukitaka kuhakiki, mkalishe mtoto juu ya vipande vya mbao, akiwa na viatu anavyovaa kituoni, uwe unaongeza au kupunguza kipande mpaka nyayo zilale sakafuni na goti likunje pembe mraba. Hicho ndicho kimo cha kikalio. Ongeza sentimita 19 hadi 22 upate meza. Kina cha kikalio kwa kiti cha 26 kisizidi sentimita 25, la sivyo mgongo haulifikii egemeo na mtoto anakaa kama ameegemea hewa.

Upande wa mbao, jambo moja sitalilegezea kamba: mbao za dawa zisiingie kwenye kitu cha mtoto. Fundi atakwambia haziliwi na mchwa, na ni kweli. Lakini dawa inayotumika sana ni ile ya shaba, kromiamu na aseniki, na mtoto wa miaka 2 huguguna ukingo wa meza kama muwa. Marekani waliacha kuitumia kwenye vifaa vya michezo ya watoto mwishoni mwa 2003. Ukiona ubao una rangi ya kijani kijani, ukatae. Sisi tulichukua paini kavu isiyo na dawa kwa meza, na mtiki kwa miguu ya viti. Mninga ni mzuri wa kutazama, lakini kiti kizima cha mninga kinakuwa kizito mno kwa mtoto kukibeba mwenyewe, na kubeba kiti chako ni sehemu ya malezi.

Mbao mbichi nazo ni hasara. Zikikauka zinasinyaa, ulimi, yaani ncha ya ubao iliyochongwa kuingia kwenye ubao mwingine, unalegea ndani ya tundu, na miezi mitatu baadaye kiti kinacheza. Fundi akija na misumari kukikaza, mwambie akifungue na kukiunga upya kwa gundi na skrubu, kwa sababu msumari hulegea tena na kichwa chake hutokeza nje. Dai pia miguu ya nyuma itoke nyuma ya egemeo kwa sentimita 2 au 3. Bila hivyo kiti hupinduka mtoto akijisukuma nyuma, na atajisukuma tu.

Plastiki ina sifa zake. Bei ya kiti kimoja cha seremala ilinunua viwili vya plastiki na chenji ikabaki. Ni vyepesi, vinapandana kumi kumi kona moja, vinaoshwa kwa mpira wa maji. Ila vyetu vilikuwa vya kimo kimoja tu, sentimita 27, kwa hiyo wa miaka 2 wananing'inia na wa miaka 5 magoti yanapanda. Vilivyoachwa juani barazani vilipauka, kisha vikapata nyufa pale mguu unapoungana na kikalio. Ufa huo hufunguka mtoto akikaa na kufumba akiinuka, na paja likibanwa kilio chake utakisikia mpaka getini. Kagua kila Jumatatu kwa kukibonyeza kikalio na goti lako. Chenye ufa kitupwe, gundi haishiki pale.

Idadi: usinunue viti 36. Kituo kilichojaa viti kimegeuka darasa, na mtoto wa miaka 2 anahitaji sakafu na mkeka kuliko dawati. Tuna viti 24, uji unanyweka kwa zamu mbili, na nafasi iliyobaki ni ya kucheza. Meza ya sentimita 120 kwa 60 inatosha watoto sita. Weka nukta ya rangi chini ya kila kiti na meza yake, la sivyo wasaidizi watachanganya vimo ndani ya wiki moja.

Kelele za miguu kwenye vigae tulizipunguza kwa vipande vya kandambili kuukuu. Gundi peke yake ilidumu kama mwezi, tukahamia skrubu fupi iliyozamishwa ndani ya mpira. Na vanishi: maji ya klorini yakimwagwa juu ya uji uliokauka hayaui vijidudu ipasavyo na yanabambua vanishi. Anza na sabuni, suuza, ndipo klorini, kisha ufute kwa kitambaa chenye maji safi.