NetLogo: darasa langu limeuona ugonjwa ukitembea

Nafundisha hesabu kidato cha tano. NetLogo, programu ya kompyuta ya kuigiza jinsi mambo yanavyoenea na kubadilika, nimeipakua bure, na hata laptopu yangu kuukuu imeimudu. Humo kuna modeli ya virusi kwenye mtandao: nukta 150, kila moja imeungana na wastani wa wenzake 6. Buluu hajaugua, nyekundu kaambukizwa, kijivu ana kinga. (Walioitunga walifikiria zaidi kompyuta, mimi niliwaambia wanafunzi hao ni watu wa soko la Kariakoo.) Tuliposhusha wastani hadi 2, wekundu ulifia pembeni, haukupata njia ya kuvukia. "Mwalimu, rudia!" Nikarudia mara saba. Maelezo ni ya Kiingereza, kwa hiyo andaa koo la kutafsiri. Nyota nne.