Kuhamisha Kompresa Nzito ya Gereji: Vifaa vya Kununua, Kuanzia Kinachofaa Zaidi hadi cha Kuepuka

Kompresa ya upepo yenye tanki la lita 300, ya aina inayoonekana katika gereji nyingi za kupiga rangi na kuziba matairi, huwa na uzito wa kilo 200 hadi 300 kutegemea ukubwa wa mota na pampu. Sehemu kubwa ya uzito huo imekaa juu, kwa kuwa tanki ni chuma chembamba chenye nafasi tupu ndani, ilhali mota, pampu na gurudumu la mkanda vimepandishwa mgongoni mwake. Ndiyo maana hupinduka kirahisi kuliko mashine nyingine ya uzito uleule. Muuzaji wa matoroli atakutajia kwanza idadi ya kilo ambazo kifaa chake kinabeba, na kilo hizo aghalabu zinatosha. Yanayostahili kuulizwa mapema zaidi ni upana wa kitako na kipenyo cha magurudumu. Vifaa vilivyomo humu vimepangwa kwa vigezo hivyo viwili, pamoja na hali halisi ya sakafu zetu, ambazo nyingi ni zege lenye nyufa ndani na changarawe au mchanga uani.

1. Fremu ya chuma yenye magurudumu manne

Kwa gereji inayosogeza kompresa yake mara kwa mara, hiki ndicho cha kununua, na kwa kawaida hakipatikani dukani kikiwa tayari bali huagizwa kwa fundi wa kuchomelea. Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa jua kali wa Kamukunji jijini Nairobi wataitengeneza kwa vipimo utakavyowapelekea, kwa hiyo ni muhimu vipimo hivyo viwe sahihi.

Tuchukue kompresa ambayo miguu yake imeachana kwa sentimita 40 na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 65 kutoka chini. Mashine hiyo hupinduka ikishainama nyuzi 17. Ukiifungia magurudumu ya milimita 150 moja kwa moja chini ya fremu bila kupanua kitako, unaipandisha kwa zaidi ya sentimita 20, na sasa itapinduka hata kabla ya kufika nyuzi 13. Yaani umelipa fedha ili kuifanya iwe ya hatari zaidi. Mwambie fundi atengeneze fremu yenye upana wa sentimita 70, na magurudumu ayafunge pembeni, kwenye masikio yaliyoinuliwa (vipande vya chuma vinavyotokeza kando ya fremu), ili fremu yenyewe ining'inie sentimita 5 tu juu ya sakafu. Kwa mpangilio huo mashine huvumilia hadi nyuzi 25. Upana upimwe magurudumu yanayogeuka yakiwa yameelekea ndani, kwani kila moja likigeuka huiba sentimita chache za kitako, na hilo fundi asiyeulizwa hatalitaja.

Kipenyo nacho kina hesabu yake. Gurudumu la milimita 75 likikutana na ukingo wa milimita 10, kama ule wa ufa wa zege au kizingiti cha geti, huhitaji kusukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wote lililoubeba. Gurudumu la milimita 150 huupanda ukingo huohuo kwa nguvu inayozidi kidogo nusu ya uzito huo. Tofauti hii ndiyo huamua kama watu wawili watasukuma kwa utulivu au wataipa mashine kishindo, na kishindo ndicho hupindua. Kwa hiyo usikubali kipenyo kilicho chini ya milimita 125, hata kama gurudumu dogo limeandikwa kwamba linabeba kilo 100.

Katika kukokotoa uwezo wa kila gurudumu, gawanya uzito kwa tatu, kwa sababu kwenye sakafu isiyo sawa gurudumu la nne mara nyingi huwa hewani. Kompresa ya kilo 280 juu ya fremu ya kilo 30 inataka magurudumu yenye uwezo wa zaidi ya kilo 103 kila moja. Nunua ya kilo 150. Mawili yawe ya kugeuka, yenye breki, na mawili yasigeuke. Manne yote yakigeuka, mashine hukimbilia upande wowote sakafu inakoinamia.

Kuhusu malighafi, raba nyeusi hukimbia kimya lakini huvimba na kulainika kwa mafuta ya injini, ambayo hakuna gereji isiyokuwa nayo. Nailoni husukumika kwa wepesi kuliko zote kwenye zege laini, ila kwenye zege la kukwaruza hupiga kelele na kurusharusha mzigo, na marumaru hupasuka chini yake. Poliyurethani juu ya kiini cha chuma ndiyo chaguo la kati na hustahimili mafuta. Hata hivyo ile ya bei ya chini hudhoofishwa na joto lenye unyevu, hivyo mnunuzi wa Mombasa, Tanga au Zanzibar aibonyeze kwa ukucha kabla ya kulipa, na akiona ikibanduka aiache. Magurudumu ya kujazwa upepo hufaa uani kwenye mchanga, na gereji yenye kompresa haikosi upepo wa kuyajaza, lakini mashine ikiwa juu yake huyumba muda wote inapofanya kazi.

Mtikisiko huo ndio sababu ya kuongeza kitu kimoja cha mwisho kwenye oda: bolti nne za milimita 16 zenye sahani ya chuma na kipande cha raba chini yake, ambazo zikikazwa hunyanyua fremu hadi magurudumu yaachie sakafu. Breki za magurudumu pekee hazitoshi, kwani kompresa inayotetemeka kutwa nzima hujisogeza. Kisha tanki liunganishwe na bomba la ukutani kwa mpira unaopinda. Bomba la chuma lililokazwa pande zote mbili hupasukia kwenye maungio.

Kompresa na fremu viunganishwe kwa bolti kupitia matundu ya miguu. Asiruhusiwe fundi yeyote, hata awe hodari namna gani, kuchomelea chochote kwenye tanki au kwenye miguu karibu na tanki. Joto la kuchomelea hubadilisha chuma pasipo dalili ya nje, na tanki hilo hubeba shinikizo la baa 8 hadi 10 kila siku.

2. Jeki ya paleti

Mwenye sakafu laini, na mashine nyingine nzito za kusogeza, atapata faida zaidi hapa. Jeki ya kawaida, yaani toroli lenye uma mbili za kunyanyulia paleti, hubeba kilo 2,000 au zaidi, uma zake zina urefu wa milimita 1,150, huingia katika nafasi ya milimita 85 na kunyanyua hadi takriban milimita 200. Kosa linalofanyika sana ni kuziingiza uma chini ya tanki lenyewe. Tanki ni la mviringo, litabingirika, na valvu ya kutolea maji iliyo chini yake itavunjika. Kompresa ikazwe kwanza kwa bolti kwenye paleti ya mbao ngumu, ndipo paleti inyanyuliwe. Uani jeki hii haina kazi, maana vigurudumu vya mbele ya uma huzama kwenye changarawe.

3. Krini ya kunyanyulia injini

Gereji nyingi tayari zinayo, kwa hiyo huenda usinunue chochote. Thamani yake huonekana wakati wa kupakia. Kitanda cha kirikuu (pikapu ndogo) kikiwa sentimita 70 kutoka chini, mbao za kupandishia kwa mteremko wa 1 kwa 10 zingehitaji urefu wa mita 7, na hata hapo mashine ya kilo 300 ingekuwa ikirudi nyuma kwa nguvu ya kilo 30. Wapakiaji hutumia mbao za mita 2, na kinachofuata tunakijua.

Krini ya tani 2 hubeba tani 2 mkono ukiwa mfupi kabisa. Ukirefushwa hadi tundu la mwisho, nyingi hushuka hadi nusu tani, kwa hiyo soma maandishi ya kila tundu. Mikanda ipitishwe chini ya tanki, ndani ya miguu, na ifungwe ili isiteleze. Pete iliyo juu ya mota ni ya kunyanyulia mota peke yake.

4. Vipande vya bomba na mtaimbo

Kwa anayehamisha kompresa mara moja tu, vipande vinne vya bomba la chuma lenye ukuta mnene, mbao mbili nene na mtaimbo vinatosha, mashine ikikaa juu ya mbao na kubingirishwa juu ya mabomba, na gharama yake ni ndogo. Njia hii ni ya polepole, nayo ni salama kwa sababu hiyohiyo, mradi sakafu isiwe na mteremko na mkono wa anayepanga mabomba usiingie mbele ya mzigo.

5. Toroli la magurudumu mawili

Lile la kubebea magunia na mitungi ya gesi linafaa kwa kompresa ya lita 100 kushuka chini, ikifungwa kwa mkanda wa kukazwa. Usiilaze mashine kabisa, kwani mafuta ya pampu yatapenya mahali yasipotakiwa.

Magurudumu mawili yanayokuja na kompresa kutoka kiwandani yana kasoro yake: kwenye mashine ya kilo 200, anayenyanyua mpini hubeba takriban nusu ya uzito.

6. Kigari cha kuhamishia makabati

Ubao wa plaiwudi wenye vigurudumu vya milimita 75 ndio wa bei nafuu kuliko vyote na huandikwa kilo 200 au 300. Una kitako chembamba, vigurudumu vidogo na hauna mahali pa kukaza bolti. Usinunue kwa kazi hii.

Kwa kifaa chochote utakachochagua, umeme uzimwe kwenye swichi kuu na waya ufunguliwe na fundi umeme, upepo utolewe mpaka geji isome sifuri, kisha valvu ya chini ifunguliwe na kuachwa wazi ili maji yenye kutu yatoke. Maji yanayobingirika ndani ya tanki huhamisha uzito katikati ya kona. Mashine ya umeme wa fezi tatu ikishafika mahali pake na kuunganishwa, iwashwe kwa sekunde chache na gurudumu la mkanda litazamwe. Ikiwa linazunguka kinyume cha mshale uliochorwa kwenye kinga, fezi zimegeuzwa, na pampu haitapata upepo wa kuipoza mpaka fundi abadilishe nafasi za waya mbili za fezi.