Uzoefu wangu: Kusaga masala ya biriani ya Hyderabad nyumbani badala ya kununua pakiti

Kwa muda mrefu nilipika biriani ya mtindo wa Hyderabad, mji wa India, kwa masala ya pakiti. Siku hizi ninakaanga na kusaga masala yangu mwenyewe hapa Dar es Salaam, na naweza kusema bila kusita kwamba tofauti ipo na inajitokeza zaidi kwenye wali kuliko kwenye nyama. Katika pakiti nyingi nilizowahi kutumia, orodha ya viambato, ambayo hupangwa kuanzia kile kilicho kingi, huanza na chumvi, pilipili na giligilani, huku iliki na basibasi (utando unaofunika kungumanga) zikija mwishoni kabisa. Kwa mchuzi hilo halina ubaya mkubwa. Mchele wa basmati, hata hivyo, una harufu yake nyepesi ambayo viungo vinapaswa kuisindikiza, na unga mwingi wa giligilani hung'ang'ania kwenye punje na kuufanya wali uwe mzito. Tena masala yenye chumvi humnyima mpishi uhuru, kwa kuwa kila anapotaka kuongeza harufu analazimika kuongeza na chumvi.

Kiasi nilichoridhika nacho ni gramu 10 za iliki ya kijani pamoja na maganda yake, gramu 10 za mdalasini, gramu 10 za mbegu za shahi jira, gramu 8 za pilipili manga, gramu 5 za karafuu, gramu 5 za shamari, gramu 4 za basibasi, iliki nyeusi 2, majani 3 ya kunukisha ya tej patta na nusu ya kungumanga. Manjano siweki kabisa, kwa sababu rangi ya biriani hii naitaka itokane na zafarani iliyolowekwa katika maziwa ya vuguvugu. Kiungo cha kuchungwa kuliko vyote ni karafuu: ikizidi kidogo tu, hufunika harufu ya vingine na kuacha ganzi kwenye ulimi.

Viungo hivi nilivipata katika maduka ya Wahindi maeneo ya Kisutu, na ubora wake ndio unaoamua matokeo kuliko ustadi wowote wa jikoni. Iliki nzuri ina ganda la kijani lililofumbata vizuri na mbegu nyeusi zinazonata kidogo zinapopasuliwa. Ikiwa ganda limepauka na mbegu zimekauka, harufu yake imekwisha kuondoka. Karafuu ikibonyezwa kwa ukucha inapaswa kutoa mafuta, na kwa karafuu za Pemba sisi hatuna sababu ya kukubali zilizochakaa. Shahi jira ni mbegu nyembamba na nyeusi zaidi ya binzari nyembamba ya kawaida, na harufu yake ni ya upole. Tej patta nayo ni jani la mti wa jamii ya mdalasini, lenye mishipa mitatu ya urefu, na harufu yake haifanani na ya yale majani ya Mediterania yanayouzwa katika maduka makubwa, ambayo yana mshipa mmoja wa katikati.

Ukaangaji ndio sehemu inayotaka utulivu. Natumia kikaango kizito na moto mdogo, bila mafuta. Natanguliza mdalasini uliovunjwavunjwa, pilipili manga, karafuu na iliki nyeusi. Vikianza kunukia naongeza shamari na shahi jira. Kisha nazima moto ndipo naingiza iliki ya kijani, basibasi na majani, ambavyo vinahitaji joto la kikaango tu. Mpangilio huu una sababu yake: mbegu nyembamba huungua kabla gome nene halijashika joto, na shahi jira iliyoungua huwa chungu kiasi kwamba hakuna cha kuuondoa uchungu huo. Kungumanga haikaangwi, naikwaruza moja kwa moja wakati wa kusaga. Kabla ya kusaga naviacha viungo vipoe kabisa kwenye sinia, kwani vikiwa na joto hutoa mvuke ndani ya mashine na unga hushikana mabonge.

Mashine niliyotumia ni ile ndogo ya umeme ya kusagia kahawa. Inafaa, mradi usage kwa kubonyeza na kuachia, kwa kuwa visu vikizunguka mfululizo huzalisha joto linalopoteza mafuta yale yale yenye harufu uliyoyatafuta. Maganda ya iliki nyeusi hubaki nyuzinyuzi, hivyo nachekecha na kurudisha makapi yasagwe tena. Ubaya wake ni kifuniko cha plastiki, ambacho kimeshika harufu ya karafuu. Kusaga mchele mkavu kidogo huipunguza lakini hakuimalizi, na kahawa singeisaga humo tena.

Kwa kilo moja ya nyama na kilo moja ya mchele, vijiko vitatu vya chai vinatosha. Viwili nachanganya na nyama mbichi pamoja na mtindi, tangawizi, kitunguu saumu, papai bichi na vitunguu vya kukaanga, na kimoja nanyunyiza kati ya tabaka za wali ulioiva nusu kabla ya kuziba sufuria kwa unga uliokandwa. Kwa biriani yetu ya pwani, ambayo rosti yake hupikwa mbali na wali, ningeyaweka yote kwenye rosti. Kwa pilau siyapendekezi, kwa sababu pilau inategemea binzari nyembamba kwa wingi, na hapa haimo kabisa.

Gharama si ndogo, na iliki peke yake inachukua sehemu kubwa yake. Kwa sababu hiyo nasaga kiasi cha kutumika ndani ya miezi miwili, nakiweka katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko na mwanga. Kwa anayepika biriani wakati wa Idi tu, ningemshauri anunue viungo vizima na kusaga kiasi cha sufuria hiyo moja, kwani vilivyobaki vikitunzwa vikavu vitamfikisha Idi ijayo vikiwa bado na harufu.